Wasichana, Sayansi na Uhandisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanawake wa Kuigwa

Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi, wanawake wanaoalikwa kuzungumza shuleni na wasichana wenyewe hurudia kuuliza. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito. Ukiwa na haraka, anzia lile la picha za ukutani. Ndilo linalowaangusha wengi.

Mtoto mwenye kipaji si atafika tu? Mwanamke wa kuigwa ana kazi gani?

Kipaji hakijijui. Mtoto hutazama kwanza ni watu gani wanaofanya kazi gani, kisha hujipima: huyu ni kama mimi, yule siye. Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha matokeo ya zoezi jepesi kabisa. Watoto 4,807 waliambiwa wachore mwanasayansi. Michoro ya wanawake ilikuwa 28, na yote ilichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyemchora mwanamke.

Hali imebadilika tangu wakati huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti za miaka hamsini za nchini Marekani, ulionyesha kwamba katika tafiti za miaka ya karibuni zaidi watoto huchora mwanamke kwa wastani wa asilimia 28. (Hiyo 28 kujirudia ni sadfa, msiichanganye.) Ila uchambuzi huohuo una jambo la kuumiza kichwa: wasichana wadogo sana huchora wanawake kwa wingi, na kadiri wanavyopanda madarasa ndivyo mwanasayansi wao anavyogeuka kuwa mwanamume. Hakuna mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akawafundisha hivyo. Wamejifunza kwa kutazama, kwa hiyo tiba nayo lazima ipitie machoni.

Tuanze wakiwa na umri gani?

Mapema kuliko unavyodhani. Lin Bian na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2017 wakiwa wamewasimulia watoto habari ya mtu mwenye akili nyingi mno, bila kutaja jinsia yake, kisha wakawauliza ni nani kati ya watu waliomo kwenye picha. Wasichana wa miaka mitano walichagua wanawake kwa kiwango kilekile ambacho wavulana walichagua wanaume. Kufikia miaka sita na saba, wasichana walikuwa wameanza kusita. Wakaanza pia kuukwepa mchezo ulioelezwa kuwa ni wa watoto wenye akili sana. Na walijua vizuri kwamba darasani wasichana ndio hupata alama nzuri! Alama hizo hazikuwashawishi.

Kwa hiyo ukingoja sekondari umechelewa, ingawa hujachelewa mno. Kinachobadilika ni namna ya kumfikisha mwanamke huyo kwa mtoto. Wa miaka sita hahitaji hotuba. Anahitaji kumwona shangazi akifungua redio iliyokufa na kuifufua. Wa miaka kumi na mbili anataka kugusa vifaa na kuuliza maswali ya ajabu. Wa miaka kumi na saba anataka kujua masomo ya kuchukua, mahali pa kusomea na mshahara.

Kuna ushahidi wowote, au ni maneno ya kutiana moyo?

Upo, na una masharti yake.

Ninaoupenda zaidi ulifanyika Ufaransa, katika shule za sekondari za eneo la Paris, mwaka wa masomo 2015–2016. Wanawake 56 wenye taaluma za sayansi waliingia madarasani kwa muda wa saa moja tu. Madarasa yaliyotembelewa yalichaguliwa kwa bahati nasibu, ndiyo maana matokeo yake yanaaminika. Miongoni mwa wasichana wa mwaka wa mwisho waliokuwa mchepuo wa sayansi, waliojiunga baadaye na programu za ushindani za sayansi na uhandisi walipanda kutoka asilimia 11 hadi kati ya 14 na 15. Kwa saa moja! Ila kwa wasichana wa madarasa ya chini zaidi, uchaguzi wa masomo haukubadilika. Saa moja humsukuma aliyekwisha kusimama mlangoni. Aliye bado barabarani huhitaji zaidi ya hapo.

Utafiti mwingine ulifanyika katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa wakufunzi bila kuchagua. Wasichana waliokuwa wazuri katika hisabati, walipofundishwa masomo ya mwanzo ya hisabati na sayansi na mwanamke, walifanya vizuri zaidi na wengi zaidi walimaliza shahada za sayansi. Kwa wavulana, jinsia ya mkufunzi haikuwa na athari kubwa.

Nje ya sayansi kuna mfano wa India, ambako sheria ilitenga nafasi za uongozi wa vijiji kwa wanawake. Pale ambapo wanawake waliongoza kwa vipindi viwili, wazazi walianza kuwatakia mabinti makubwa zaidi, na pengo la elimu kati ya wasichana na wavulana likafutika. Hakuna aliyewahubiria. Walimwona tu mama fulani akiendesha kikao.

Nimebandika picha za Marie Curie na wenzake ukutani, lakini wasichana hawageuki hata kuzitazama. Nimekosea wapi?

Hukukosea kumchagua. Umemleta akiwa ameshafika.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha ya ukutani huonyesha chombo kikielea. Mbao, misumari na vidole vilivyogongwa kwa nyundo havionekani. Msichana aliyepata 38 kwenye fizikia humtazama mshindi wa Nobel mbili na kuhitimisha kwamba huyo aliumbwa kwa udongo mwingine. Picha uliyoibandika ili imwinue inamthibitishia kwamba hapo si pake.

Penelope Lockwood na Ziva Kunda walilionyesha jambo hili mwaka 1997: nyota hutia moyo pale tu anayemtazama anapoamini kwamba mafanikio yale bado anaweza kuyafikia. Akiona hayafikiki, hunywea. Mwaka 2016 Xiaodong Lin-Siegler na wenzake waliwapa wanafunzi wa sekondari masimulizi ya Einstein, Curie na Faraday. Wengine walisoma mafanikio matupu, wengine walisoma jinsi wanasayansi hao walivyohangaika. Waliosoma mahangaiko walipandisha alama zao za sayansi kuliko waliosoma mafanikio, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa nyuma.

Basi msimulie Marie Curie upya. Alizaliwa Warsaw mwaka 1867, mji ukiwa chini ya utawala wa Urusi, na chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake. Alisoma kwa siri katika chuo cha kujificha. Kisha kwa miaka kadhaa akafanya kazi ya kufundisha watoto majumbani mwa watu wenye nafasi, ili kumsaidia dada yake asome udaktari Paris, kwa makubaliano kwamba zamu yake ingefika. Ilifika mwaka 1891. Januari 1911, akiwa tayari na Nobel ya kwanza, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimnyima uanachama kwa kura chache. Mwisho wa mwaka huohuo alipokea Nobel ya pili.

Au mchukue Katalin Karikó, ambaye wasichana wa leo wanaweza kumtazama akizungumza kwenye video. Utafiti wake wa mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, haukuvuta wafadhili, na mwaka 1995 chuo kikuu alichofanyia kazi kilimshusha cheo. Aliendelea. Chanjo za korona za mRNA zilizotumika sehemu nyingi za dunia zilijengwa juu ya kazi hiyo, na mwaka 2023 yeye na Drew Weissman walipewa Nobel ya tiba.

Picha zako usizibandue. Chini ya kila moja andika alichokikosa kabla hajapata alichopata.

Nani basi anafaa zaidi kuletwa darasani?

Mtu aliyetangulia hatua mbili au tatu, si mia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi aliyepita shule ya aina hiyohiyo mara nyingi ana nguvu kuliko profesa, kwa sababu msichana anaweza kuihesabu njia iliyobaki kati yao.

Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta walilipima hili miongoni mwa wasichana 150 walioanza shahada ya uhandisi nchini Marekani. Baadhi walipewa mwanafunzi wa kike wa madarasa ya juu awe mlezi wao, wengine wa kiume, wengine hawakupewa mtu. Katika utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2017, wasichana wote waliolelewa na wa kike walikuwa bado wanasoma uhandisi mwaka wa kwanza ulipokwisha. Katika makundi mengine mawili wapo walioacha. La kushangaza ni kwamba siri haikuwa alama. Wenye walezi wa kike walijiona ni wa pale, na waliendelea kujiamini wakati wenzao wakififia.

Usimsahau pia fundi. Tumezoea kumwalika daktari wa falsafa na kumpita dada anayepima maji maabarani, anayeunganisha nyaya za simu au anayechomelea vyuma karakana. Wapo wasichana watakaoingia kwenye uhandisi kupitia mlango huo wa mikono, na wengi wao hawatakuja kujua kwamba ni mlango tusipowaonyesha.

Simjui mhandisi mwanamke hata mmoja. Nitampata wapi?

Anza na orodha ya wanafunzi wenu wa zamani. Kisha nenda kwenye idara za uhandisi vyuoni, mamlaka za maji na umeme, kampuni za simu, maabara za hospitali, vituo vya utafiti wa kilimo, na chama cha kitaaluma cha wahandisi, ambacho mara nyingi huwa na kamati ya wanawake. Omba kwa barua fupi inayotaja tarehe, umri wa wanafunzi na dakika unazohitaji. Barua inayosema tu “tunaomba uje uwatie moyo wasichana wetu” hukaa bila kujibiwa kwa sababu mpokeaji hajui ajiandae kwa lipi.

Akiwa mbali, mazungumzo ya video yanatosha, mradi wasichana wametayarisha maswali siku moja kabla.

Nimealikwa kuzungumza. Niseme nini?

Sema siku yako ya jana. Uliamka, ukaenda wapi, ukashika nini, nini kiligoma, ulimuuliza nani. Watoto wengi hawajui mhandisi hufanya nini kutwa. Wanajua jina la cheo tu. Beba kitu: valvu iliyochakaa, kipande cha zege kilichopimwa hadi kikavunjika, bodi ya saketi, sampuli ya udongo. Kizungushe mkono kwa mkono. Maswali mazuri niliyowahi kuyasikia yalianza na mtoto aliyeshika kitu akauliza, “Hiki kilivunjikia wapi?”

Taja mara uliyofeli, na uitaje kwa undani: somo gani, ulijisikiaje, ulifanya nini wiki iliyofuata. “Nilipitia changamoto nyingi” haimsaidii mtu. “Nilirudia mtihani wa saketi mara mbili, na mara ya pili nilijifunza na watu watatu badala ya kujifungia” inamsaidia.

Zungumzia faida za kazi bila aibu: mshahara, safari, watu unaowasaidia, raha ya kuona kitu kikifanya kazi. Katika ule utafiti wa Ufaransa, wanawake waliowaeleza wanafunzi kazi zenyewe na fursa zake walibadilisha uamuzi wa wasichana zaidi ya wale waliokaza kusema wanawake ni wachache katika fani. Tafakari kidogo utaona sababu. Ukimwambia msichana wa miaka kumi na saba kwa dakika arobaini kwamba mahali fulani hakuna watu kama yeye, unategemea atamani kwenda?

Jiepushe na “hata wanawake wanaweza”. Hilo neno “hata” limebeba mzigo mzima ambao umekuja kuutua.

Utaulizwa kuhusu ndoa na watoto. Jibu kwa kadiri unavyopenda, au sema kwa upole kwamba hilo unaliweka kwako. Ukijibu, sema ukweli: nani anakusaidia, nini kimekuwa kigumu. Wasichana huutambua uongo mtamu haraka sana.

Je, mgeni avae apendeze ili wasichana waone kwamba sayansi haiwaondolei uanamke?

Wazo hili lina nia njema, na lina mtego. Diana Betz na Denise Sekaquaptewa walilijaribu mwaka 2012 kwa wasichana wa umri wa shule ya kati. Walipoonyeshwa wanasayansi waliorembwa kwa makusudi, kwa rangi ya waridi na vipodozi, hamu ya hisabati ilipungua, hasa kwa wale ambao tangu mwanzo hawakupenda masomo hayo. Inaonekana walihesabu sharti la pili: kumbe napaswa kuwa mwerevu wa hesabu na bado niwe mrembo kama huyo!

Aje kama anavyokwenda kazini. Kama huvaa kilemba na hereni, aje navyo. Kama huvaa buti na kofia ngumu, vivyo hivyo. Kosa ni kumvisha.

Mwanamume anaweza kuwa mfano wa kuigwa kwa wasichana?

Anaweza. Utafiti wa Sapna Cheryan na wenzake, mwaka 2011, kuhusu wanawake vijana na kompyuta uligundua kwamba jinsia ya mtu haikuwa na uzito kama mwonekano na mwenendo wake. Yule aliyefanana na picha iliyozoeleka ya mpenda kompyuta, mpweke asiye na jambo jingine maishani, aliwafanya wajione hawataweza, awe mwanamume au mwanamke. Asiyefanana na picha hiyo hakuwafanya hivyo.

Tena kuna jambo ambalo wanaume wenye nafasi wanaweza kulifanya na bango haliwezi. Mwaka 1903 kamati ya Nobel ilikuwa inaelekea kuwatunuku Henri Becquerel na Pierre Curie peke yao kwa kazi ya mionzi. Pierre alipodokezwa, aliandika kudai kwamba Marie ahesabiwe. Akahesabiwa. Baba, kaka na mwalimu wa kiume wana nafasi kama hizo kila wiki, ndogondogo: nani anaitwa kushika bisibisi, nani anatumwa kuandika kumbukumbu wakati wenzake wanafanya jaribio.

Wavulana watoke darasani mgeni akija?

Hapana, isipokuwa kuna mada ya faragha. Katika utafiti wa Ufaransa madarasa yalikuwa ya mchanganyiko. Wavulana nao wanamchora mwanasayansi mwanamume, na kesho ndio watakaokuwa wenzao wa kazi, wakuu wao na waume zao.

Tuwaambie kuhusu ubaguzi, au tutawatisha?

Waambieni, kwa wakati wake. Mtoto wa miaka minane haihitaji orodha ya dhuluma. Msichana anayekaribia kuingia chuo anaihitaji, ili siku akipuuzwa kwenye kikao asidhani kasoro ni yake.

Mifano ipo na haihitaji chumvi. Picha ya eksirei ya DNA, molekuli inayobeba urithi, iliyopigwa mwaka 1952 katika maabara ya Rosalind Franklin ilionyeshwa kwa mwanasayansi James Watson bila Franklin kujua, na ikasaidia kufumbua umbo la DNA. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na Nobel ya ugunduzi huo ilitolewa mwaka 1962 kwa wanaume watatu. Lise Meitner ndiye, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, aliyeeleza jinsi kiini cha atomu ya urani kinavyopasuka, akiwa mkimbizi aliyewatoroka Wanazi. Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa mwenzake wa utafiti, Otto Hahn, peke yake.

Ila simulizi lisiishie kwenye kunyang’anywa. Franklin alifanya kazi bora ya virusi hadi miezi yake ya mwisho, na hilo husahaulika kwa sababu tunapenda kumkumbuka kwa alichoibiwa. Mfano wa kuigwa ni mtu anayefanya kazi. Ukimbakiza kuwa mhanga tu, msichana atamhurumia badala ya kumfuata.

Binti yangu anasema uhandisi ni kazi za kiume, za vumbi na grisi.

Upo wa vumbi, na wapo wasichana wanaoupenda hivyohivyo. Emily Roebling aliubeba ujenzi wa daraja la Brooklyn, jijini New York, kwa zaidi ya miaka kumi baada ya mumewe, mhandisi mkuu, kuugua kwa shinikizo la hewa la chini ya maji. Alijifunza hesabu za nyaya na nguvu za vifaa, akawa ndiye anayekwenda kwa mafundi hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883.

Uko pia wa karatasi na kompyuta. Margaret Hamilton aliongoza timu iliyoandika programu za kompyuta za Apollo, chombo kilichopeleka watu mwezini. Katherine Johnson alikuwa mwanahisabati wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na mwaka 1962, kabla mwanaanga John Glenn hajaruka kuizunguka dunia, Glenn alitaka Johnson aihakiki kwa mkono hesabu iliyotolewa na kompyuta. Muulize binti yako anapenda kutatua matatizo ya aina gani, halafu mtafute fani pamoja. Maji, dawa, majengo, sauti, roboti, udongo: karibu kila kitu kina mhandisi wake.

Hesabu zinamshinda. Si basi imekwisha?

Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran mwaka 1977 na utotoni alitaka kuwa mwandishi. Mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati alifanya vibaya kwenye hisabati. Mwalimu wake hakuona kipaji, na yeye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata alipata mwalimu aliyemtia moyo, akainuka. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, heshima ya juu kabisa ya hisabati. Alifariki mwaka 2017.

Simaanishi kila aliyeshindwa ni Mirzakhani. Namaanisha kwamba mwaka mmoja mbaya na mwalimu mmoja hawatoshi kutoa hukumu. Na hisabati, tofauti na historia, hujengwa tofali juu ya tofali: mara nyingi anayeshindwa aljebra ameacha tofali la sehemu au la uwiano miaka miwili nyuma. Rudini huko kwanza.

Mbona mifano karibu yote ni ya Ulaya na Marekani?

Kwa sababu ndiko kulikoandikwa zaidi. Si lazima muishie huko.

Wangari Maathai anakumbukwa kwa miti na kwa Nobel ya Amani ya 2004, na watu wengi husahau kwamba alikuwa mwanasayansi: alisomea biolojia, na mwaka 1971 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Segenet Kelemu alikulia kijijini Ethiopia, akabobea katika magonjwa ya mimea, akafanya utafiti wa majani ya malisho Colombia, kisha mwaka 2013 akachukua uongozi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Francisca Nneka Okeke wa Nigeria alitunukiwa tuzo ya L’Oréal-UNESCO mwaka 2013 kwa utafiti wa tabaka la juu la angahewa. Tu Youyou wa China, bila shahada ya udaktari, alisaka dawa ya malaria katika maandiko ya kale ya tiba, akaifikia artemisinin, akaijaribu mwilini mwake mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Nobel yake ilikuja mwaka 2015. Ukifundisha mahali penye malaria, huyo ndiye nyota wa kuanza naye.

Kila tukio ninaitwa mimi. Nimechoka.

Una haki ya kuchoka. Pale wanawake ni wachache, wachache haohao huombwa kukaa kila jukwaa, na saa hizo hakuna anayezihesabu wakati wa kupandishwa vyeo. Chagua shule moja au mbili na uzirudie, badala ya kumi utakazozipita mara moja. Mwombe mkuu wako aiandike kazi hii kwenye tathmini yako. Na anayekualika alipe nauli. Ni adabu tu.

Ziara moja kwa mwaka, labda tarehe 11 Februari, inatosha?

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, na tarehe 23 Juni huadhimishwa kwa ajili ya wanawake wahandisi. Zitumieni. Lakini kwa wasichana walio mbali na mlango, siku moja ya fulana na keki haiachi kitu. Baada ya mgeni kuondoka kuwe na kitu cha kuendelea nacho wiki inayofuata: klabu, jaribio alilowaachia, barua za maswali, nafasi ya kumtembelea kazini.

Tutajuaje kama imefaa?

Msiwaulize kama wamefurahi. Watasema ndiyo. Wapeni karatasi wachore mwanasayansi kabla ya mwaka kuanza na tena mwishoni. Hesabuni waliochagua fizikia na hisabati za juu, mlinganishe na miaka iliyopita. Na angalieni kimyakimya ni nani anashika vifaa maabarani.

Mimi mwenyewe ni msichana. Katika fani ninayoitaka simwoni mwanamke yeyote. Nifanyeje?

Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1992, amesimulia kwamba utotoni alivutiwa na Luteni Uhura, mhusika wa tamthilia ya televisheni aliyechezwa na Nichelle Nichols. Mtu wa kubuni! Kwa hiyo unaweza kuazima kipande kwa huyu na kipande kwa yule: ujasiri wa nyanya yako, mpangilio wa mwalimu wako wa kemia, ubishi wa Karikó.

Kisha tafuta aliye hai na umwandikie. Barua iwe fupi. Jina lako la kwanza na darasa lako, kitu kimoja ulichokisoma au kukiona katika kazi yake, na swali moja ambalo huwezi kulijibu kwa kutafuta intaneti. Mwonyeshe mzazi au mwalimu kabla ya kutuma, na uipeleke kwenye anwani yake ya kazini. Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie mwingine.